Leta Picha Kabla ya Alhamisi

Wateja wangu wa mazishi hufika Alhamisi jioni, mwendo wa saa kumi na mbili, mvua ikiwa imeshaanza kugonga mabati na matatu za Kapsabet zikiita abiria wa mwisho. Maziko ni Jumamosi. Kijitabu cha wasifu wa marehemu lazima kifike kwa mchapishaji usiku uo huo. Mama anafungua mkoba, ndani ya mkoba anatoa kibeti, ndani ya kibeti anatoa karatasi ya nailoni iliyokunjwa mara nne, halafu ananikabidhi kitambulisho cha zamani cha baba yake. "Kijana wangu, hii ndiyo picha tuliyo nayo. Ikuze ijae ukurasa wa mbele."

Picha yenyewe ina upana wa sentimita mbili na nusu. Ukurasa una sentimita 21. Hata nikiiskani kwa nukta 1200 kwa inchi, nikiitandaza ukurasa mzima kila inchi itabaki na nukta zisizofika 150, na uchapishaji mzuri wa picha unataka kama 300. Isitoshe, juu ya uso wa mzee kuna plastiki iliyokwaruzika na wino wa muhuri uliompita puani. Nitajitahidi, lakini mashine husoma kilichopo tu. Haiwezi kubuni jicho ambalo karatasi haina.

Linaloniuma zaidi huja wiki mbili baadaye. Mama yuleyule hupita na kuniambia kwamba walipokuwa wakigawa nguo za marehemu walivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, na ndani yake mlikuwa na albamu nzima.

Kwa hiyo makala haya ni ya wenye sanduku la bati chini ya kitanda ambao bado hawana haraka. Nimekaa nyuma ya skana mjini Eldoret miaka mingi kiasi cha kujua kwamba karibu kila kazi mbaya niliyowahi kutoa ilikuwa ya usiku mmoja.

Tuanze na mashine. Ninayoizungumzia ni skana bapa, ile ya kufunua kifuniko na kulaza karatasi juu ya kioo. Wataalamu wa lugha wangependa tuseme kichanganuzi. Sijamsikia mteja akilitamka neno hilo, basi nitabaki na skana. Mtu atauliza, simu yangu ina kamera kali, ya nini kioo? Kama ni risiti ya mbolea au barua ya shule inayotakiwa sasa hivi, tumia simu bila kuona haya. Lakini simu hupinda mistari, hutia kivuli cha mkono wako, na juu ya picha inayong'aa huacha doa la taa ya sebuleni. Kwa kitu unachotaka kukiskani mara moja na kumaliza, kioo hakina mpinzani.

Skana bapa ziko za aina mbili, na tofauti yao ni pesa yako. Aina ya kwanza ni nyembamba kama kitabu, hupata umeme kwa waya uleule wa kompyuta, na husoma tu kile kinachogusa kioo. Karatasi ikijikunja kidogo, sehemu iliyoinuka hutoka na ukungu. Aina ya pili ni nene na nzito, ina vioo na lenzi ndani, na huona hata kitu kilichoinuka kidogo. Ukienda kununua kwenye maduka ya vifaa vya mtumba, vile tunavyoita ex-UK, beba rula. Ilaze juu ya kioo, ncha moja uiinue kwa kuiwekea rundo la sarafu chini yake, kisha uskani. Tarakimu zikipotea mara tu rula inapoanza kupanda, hiyo ni ile nyembamba hata muuzaji akiapa vipi. Kwa hati za kawaida itakufaa sana. Kwa albamu yenye picha zilizojikunja, au kwa slaidi, iache.

Kama una slaidi, funua kifuniko utazame ndani yake: lazima kuwe na taa ya pili ya kumulikia filamu kutoka juu. Uliza pia fremu za plastiki za kushikilia filamu. Mara nyingi mwenye mashine wa kwanza alizitupa, na kuzitafuta baadaye ni kazi. Jambo la mwisho kabla ya kulipa ni kuhakikisha kuwa kompyuta yako itaitambua mashine hiyo. Skana nzima kabisa hugeuka meza kwa sababu kampuni iliacha kutoa programu zake za Windows mpya. VueScan, programu ambayo Mmarekani Ed Hamrick aliianzisha 1998, imefufua nyingi za namna hiyo. Ni ya kulipia, lakini unaweza kuijaribu kwanza uone kama mashine itaamka. Na mashine ikikataa kusogea huku ikikwaruza, igeuze utazame chini au pembeni: nyingine zina kufuli ndogo ya kushika kichwa wakati wa safari. Nimewahi kumfungulia mtu kufuli hiyo baada ya kuilaani mashine mwezi mzima.

Sasa kioo. Januari na Februari hapa ni vumbi, vumbi jekundu la shambani linalopita hata chini ya mlango uliofungwa. Chembe moja isiyoonekana kwa jicho huwa kama punje ya mtama picha ikikuzwa. Pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi kabla ya kuanza, ili vumbi litulie. Kioo kipanguse kwa kitambaa laini kama cha miwani. Maji ya kusafishia yatie kwenye kitambaa, usiyanyunyize kwenye kioo, maana yakipenya pembeni yatakaa ndani na kuacha ramani isiyofutika mpaka mashine ifunguliwe. Halafu skani kioo kitupu, kifuniko kimefungwa, na ukuze unachokiona. Hapo ndipo utajua usafi wako. Picha zenyewe zipulizie kwa kipampu cha mpira au zipitie kwa brashi laini. Usipulize kwa mdomo. Mate ni mate.

Julai ni kinyume chake: baridi, unyevu, na picha zilizoshikana kama chapati zisizopakwa mafuta. Usizibandue kwa nguvu. Na picha iliyonata kwenye kioo cha fremu yake iskani pamoja na kioo hicho, kwenye ile mashine nene. Ukiivuta, uso wa mtu utabaki kwenye kioo na mkononi utabaki na karatasi nyeupe. Nimeona harusi nzima ikipotea hivyo, bwana harusi amebakiwa na viatu.

Kuna karatasi za nchi hii zinazodai uangalifu wa pekee. Katika Uasin Gishu, ambako babu zetu wengi walifanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, bado unaweza kukuta kipande, karatasi ya utambulisho ya enzi za ukoloni. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume alitakiwa kuwa na karatasi ile, yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Nililetewa moja iliyokuwa imekunjwa kwa miaka mingi hata mikunjo yake ikawa inapitisha mwanga. Mwenyewe alitaka nakala nyeusi na nyeupe, "kama fotokopi." Nilimwomba anipe dakika kumi.

Tuliilaza jinsi ilivyo, bila kuibonyeza mikunjo. Juu yake tukaweka karatasi nyeupe safi, kisha kifuniko tukakishusha polepole. Rangi kamili, nukta 600. Ilipotokea kwenye skrini tuliona kitu ambacho macho yetu yalikuwa yamekiruka: chini ya sahihi ya wino mweusi kulikuwa na maneno ya penseli, na penseli ile ilikuwa ya zambarau. Katika nakala nyeusi na nyeupe vyote vingekuwa tope moja la kijivu. Tangu siku hiyo kila kitu cha zamani nakiskani kwa rangi, hata picha nyeusi na nyeupe, hata barua. Muhuri, kutu ya pini, wino wa pili, vyote vina habari, na rangi ukitaka kuiondoa utaiondoa baadaye. Kuirudisha huwezi.

Vipande vya magazeti ni ukoo mwingine. Hapa kwetu, nyumba haikosi mtu aliyewahi kukimbia au aliyemjua aliyekimbia, na nimeshaletewa kurasa za Oktoba 1968, Kipchoge Keino alipotwaa dhahabu ya mita 1500 kule Mexico. Karatasi ya gazeti ni nyembamba na maandishi ya upande wa pili huchungulia. Weka karatasi nyeusi nyuma yake, yatanyamaza. Picha ya gazeti imeundwa kwa nukta za wino, na zikikutana na nukta za skana hutokea mawimbi kama ya kitambaa cha hariri. Programu nyingi za skana zina kitufe cha kuyatuliza. Kiwashe kwa magazeti na vitabu, kizime kwa picha halisi, kwa sababu huko kitafuta makunyanzi ya nyanya yako.

Kuhusu nukta, watu huniuliza kana kwamba kuna siri. Hati ya kawaida ya A4: 300 zinatosha, hata kwa kuchapishwa upya. Picha ya albamu ya sentimita 10 kwa 15: 600, utapata picha ya nukta milioni nane na zaidi, inayoweza kukuzwa maradufu bila aibu. Picha ya pasipoti: 1200. Ukipita hapo unakusanya uzito tu, maana karatasi ya picha yenyewe haina habari zaidi ya kutoa. Nakala ya kwanza ya picha ihifadhi kama TIFF. Hiyo ya albamu kwa nukta 600 itakula kama megabaiti 25, na haidhuru. Kutoka hapo ndipo utengeneze JPEG ndogo ya kuwatumia watu. Hati ziende PDF. Na vile vitufe vya kuboresha picha vyenyewe, vya kunoa na kung'arisha, vizime vyote wakati wa kuskani. Picha za miaka ya sabini zilizogeuka nyekundu kama matofali zinarekebishika, lakini fanya marekebisho kwenye nakala, siku nyingine, ukiwa umekula.

Kidogo kuhusu zile picha zenye uso wa vishimo-vishimo kama sega la nyuki, zilizopendwa sana na studio wakati mmoja. Skana humulika kutoka upande mmoja, na kila kishimo hutoa kivuli chake. Iskani mara moja, igeuze kichwa chini, iskani tena, kisha zipange moja juu ya nyingine kwenye programu ya picha na uchanganye nusu kwa nusu. Vivuli vingi hufutana. Ni kazi ya kuudhi. Nafanya kwa picha ya harusi ya mzazi, sifanyi kwa picha ya mbuzi.

Slaidi ni nadra zaidi, lakini zipo: kwa maafisa wa kilimo waliostaafu, misheni, familia za wafanyabiashara wa Kihindi, na walimu waliowahi kumiliki projekta. Slaidi ya milimita 35 ina picha ya milimita 24 kwa 36 tu, kwa hiyo hapa nukta lazima zipande: 2400 kwa kutazama, 3200 kama unataka kuchapisha. Shika fremu, usiguse filamu. Upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia kidogo. Ukiugeuza vibaya, magari ya Uganda Road yatapita kulia. Kama kuna kibao chochote kwenye picha, kisome kwanza.

Kodachrome, filamu ya Kodak iliyozaliwa 1935, hutunza rangi vizuri mno gizani, na fremu zake za kadibodi mara nyingi zina mwezi na mwaka wa kusafishwa uliogongwa pembeni. Tarehe hiyo iandike. Kodak iliacha kuitengeneza 2009, na mwishoni mwa 2010 maabara ya mwisho ya kuisafisha, huko Kansas, ikafunga kazi hiyo, kwa hiyo ulichonacho ndicho hicho. Skana nyingi huitia ubuluu, na ile teknolojia ya kuondoa vumbi kwa mwanga usioonekana huikosea. Huikosea pia filamu ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu fedha iliyo ndani yake huzuia mwanga huo kama vumbi. Izime, utumie brashi na subira.

Sasa lililo kubwa kuliko mashine. Kila picha igeuze. Skani mgongo wake kama una chochote: jina, tarehe, muhuri wa studio, hata hesabu ya sukari iliyoandikwa kwa haraka. Faili zote mbili zipe jina moja, moja ikiishia na "mbele" na nyingine "nyuma". Jina lianze na mwaka ili zijipange zenyewe: 1974, halafu mahali, halafu watu kutoka kushoto. Kama mwaka huujui, andika 197x. Kompyuta ikijaa faili zinazoitwa IMG na tarakimu, umehamisha tu sanduku la bati kutoka chini ya kitanda hadi ndani ya diski. Na wakati unaandika, mwite mzee akae karibu, washa kinasa sauti cha simu, mwoneshe picha moja moja kwenye skrini. Kwenye skrini huona mengi kuliko kwenye karatasi, kwa sababu uso umekuwa mkubwa na miwani haihitajiki sana.

Halafu pa kuziweka. Januari 2008, nyumba zilipochomwa hapa katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliokimbilia uwanja wa maonyesho walifika na watoto na mablanketi. Vyeti vya shule, hati za mashamba na albamu vilibaki kwenye moto. Ndiyo maana siamini nakala iliyo nyumba moja na karatasi yake. Weka moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja mbali: kwa ndugu aliye Mombasa, au kwenye hifadhi ya intaneti. Flashi peke yake ni mfuko wa kubebea tu. Na ukituma picha kwa WhatsApp, itume kama hati, la sivyo itapunguzwa na shangazi aliye ng'ambo atapokea kivuli cha kazi yako.

Ukiskani kwenye saiba, yaani duka la intaneti, nenda na flashi yako, na kabla ya kuinuka hakikisha faili zako zimefutwa kwenye kompyuta ile, na kapu la taka pia. Nimekaa kwenye mashine za watu nikakuta vitambulisho, PIN za kodi na matokeo ya hospitali ya wageni vimetandazwa kwenye skrini kama dagaa juani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini sheria haitakufutia faili.

Wala usidanganyike kwamba nakala ya skana ni hati miliki ya shamba. Si hati. Faida yake utaiona ile asili ikipotea: utaenda polisi kuchukua abstrakti, yaani taarifa ya upotevu, kisha msajili wa ardhi atoe ilani katika Gazeti Rasmi la Kenya, na zipite siku 60 bila pingamizi ndipo utolewe hati mpya. Ilani hiyo inataka namba sahihi ya kiwanja na ukubwa wake. Mwenye skani huzisoma. Asiye nayo hukumbuka tu kwamba shamba liko karibu na mto. Hati nyingi bado zimeandikwa Manispaa ya Eldoret ingawa mji umekuwa jiji tangu tarehe 15 Agosti 2024, kwa hiyo usijaribu kusahihisha jina la faili kwa uzalendo. Liandike kama karatasi inavyosema. Na tafadhali, usiilaminati. Plastiki ile ikishayeyukia karatasi haitoki.

Yule mama wa kitambulisho alirudi mwezi uliofuata na lile sanduku, akiwa na kogo wake, yaani nyanya yake, amemshika mkono. Tulikuwa na asubuhi nzima, mvua ilikuwa bado mbali. Kogo alitaja majina bila kusita mpaka tulipofika kwenye picha ya msichana aliyesimama mbele ya pazia la studio, mkono mmoja juu ya kiti. Nikaigeuza. Nyuma palikuwa na nusu ya muhuri, neno Eldoret limekatika katikati. Nikamkuzia uso. Akautazama sana.

"Huyu simjui," akasema. Halafu akasogea karibu zaidi na skrini, akagusa kioo kwa kidole. "Lakini hilo gauni ni langu."

Mama akacheka mpaka akaketi. Kogo hakucheka, alikuwa bado anamtazama msichana. Faili ikaandikwa: 196x-Eldoret-studio-msichana-asiyejulikana-gauni-la-kogo-mbele. Kogo akaomba nimchapishie moja, aende nayo kanisani Jumapili akaulize.